Wikiendi Moja ya Ugenini Haitoshi Kuihukumu Timu

Timu ya hoki ya barafuni ya chuo kikuu nchini Marekani mara nyingi huondoka Alhamisi, hucheza Ijumaa usiku, hurudia Jumamosi usiku na wapinzani walewale katika uwanja uleule, kisha hupanda basi kurudi chuoni. Ikirudi na vipigo viwili, hukumu huwa imeshatoka kabla basi halijavuka mpaka wa jimbo. Na hukumu hiyo haitofautiani sana toka chuo kimoja hadi kingine: vijana hawana moyo, kipa amechuja, kocha hana jipya, msimu umeisha. Naipinga yote. Kufungwa kunauma, tena sana, hasa kwa aliyekesha akisubiri bao la kusawazisha ambalo halikuja, na sina ugomvi na maumivu hayo. Ugomvi wangu ni na wale wanaochukua ushahidi mwembamba kuliko wote wanaoupata katika msimu mzima, wakaujengea shutuma nzito kuliko zote.

Nalisema hili kwa Kiswahili kwa kuwa wasemaji wa lugha hii wamekuwa sehemu ya umati huo. Wakenya wamefanya makazi katika vitongoji vya Minneapolis. Wakongo na Warundi wapo Portland na Lewiston katika jimbo la Maine, na Burlington huko Vermont. Hayo ni majimbo ambako hoki ya chuo huzungumzwa mezani kuanzia Oktoba hadi Aprili. Watoto wetu wanasoma huko, wanakaa jukwaa la wanafunzi, wanapaka nyuso rangi za timu. Wameupenda mchezo kwa dhati. Pamoja na mapenzi hayo wamerithi ile tabia ya Jumapili asubuhi ya kumvua kijana wa miaka 20 utu wake kwa sababu paki, kile kisahani cheusi cha raba, kiligonga mwamba kikatoka nje badala ya kuingia ndani.

Wenye hukumu hiyo wana hoja, na sitaki kuipunguza nguvu ili niishinde kwa urahisi. Wanasema nyumbani kila timu ni jasiri: mashangilio yapo, umelala kitandani kwako, wazazi wako jukwaani. Ugenini ndiko timu inakobaki na kile ilicho nacho kweli. Wanaongeza kuwa mashindano ya taifa yanayoanza mwezi Machi, yanayochukua timu 16 tu kati ya zaidi ya 60 za daraja la kwanza, hayachezwi nyumbani kwako. Kwa hiyo timu inayozimika ugenini Novemba imeshakuonyesha mapema itakavyozimika Machi. Tena msimu wenyewe una kikomo cha mechi 34. Wikiendi moja ni kipande kikubwa cha mwaka, na huwezi kuipoteza halafu ukawaambia watu wasubiri.

Sehemu moja ya hoja hiyo ni ya kweli, nayo ni ile ya hesabu. Nitaifikia. Lakini dai lililo katikati yake, kwamba kufungwa ugenini hufichua tabia ya wachezaji, si kweli, na anayejua mchezo huu unavyochezwa hana sababu ya kuliamini.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika hoki ya barafuni mwenyeji hutunzwa na sheria yenyewe, na hili ndilo jambo ambalo mashabiki wengi huliona kila wiki bila kulitia maanani. Mchezaji wa hoki hachezi kipindi chote cha dakika 20 mfululizo. Anaingia barafuni, anakwenda kwa nguvu zake zote kwa sekunde 40 au 50, anatoka, mwingine anaingia. Timu ina safu nne za washambuliaji watatu watatu na jozi tatu za mabeki, na kazi kubwa ya kocha mechi nzima ni kuamua nani wake akutane na nani wa wenzake. Mchezo unaposimama, kocha mgeni hulazimika kutangulia kupeleka watu wake. Kocha mwenyeji huwatazama kwanza, ndipo akapeleka wa kwake. Matokeo yake ni kwamba safu bora ya mgeni itawekewa mabeki bora wa mwenyeji karibu kila mara, na wale vijana wa mwaka wa kwanza ambao kocha wao angependa kuwasitiri watatafutwa na washambuliaji wakali wa mwenyeji mpaka wapatikane. Kocha mgeni anaweza kukwepa kwa kubadilisha wachezaji mchezo ukiwa unaendelea, lakini kila anapofanya hivyo anahatarisha kukutwa watu wake wako nusu ndani nusu nje.

Sasa mchukue mshambuliaji aliyefunga mabao matatu nyumbani wiki iliyopita, akamaliza Ijumaa ya ugenini bila kupiga hata shuti moja la maana. Shabiki anasema amelala. Hakulala. Wiki iliyopita kocha wake alimtafutia mabeki wazito wa miguu. Wiki hii mwenyeji amemtafutia mabeki wawili walio bora katika ligi, akawang'ang'aniza kwake usiku mzima, na sheria ikamruhusu. Ni mchezaji yuleyule mwenye moyo uleule. Anayetaka kumlaumu amlaumu kwa kutopata njia ya kuwatoroka mabeki hao, kwa kuwa hilo ni suala la uchezaji na linajadilika. Kumwita mvivu ni kusema jambo ambalo macho ya msemaji hayajaliona.

Kisha kuna barafu yenyewe. Viwanja vya hoki ya chuo vimetofautiana kiasi cha kubadilisha mchezo. Kipimo cha kawaida cha Amerika Kaskazini ni mita 61 kwa 26. Chuo Kikuu cha Minnesota kilicheza kwa miaka mingi katika uwanja wa Mariucci wenye upana wa mita 30 na ushei, hadi ulipopunguzwa mwaka 2023. Hizo mita nne na nusu zinatosha kumnyima beki sekunde aliyoizoea. Kwenye barafu pana ana muda wa kuinua kichwa kabla mtu hajamfikia. Kwenye barafu nyembamba muda huo haupo, na pasi iliyokuwa salama Jumamosi iliyopita inakatwa. Pengine atazoea kufikia kipindi cha pili, wakati mabao mawili yameshaingia. Air Force, chuo cha jeshi la anga, wao wanacheza Colorado, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mgeni kutoka pwani ya Massachusetts atalisikia hilo kifuani katika kipindi cha tatu. Fairbanks, Alaska, ni mbali kiasi kwamba chama cha michezo ya vyuo, NCAA, huziacha mechi za huko nje ya kikomo cha msimu ili timu zikubali kwenda.

Asiyetaka kuniamini mimi na aiamini kamati. Kwa zaidi ya miaka kumi, kuanzia msimu wa 2013-14, hesabu iliyotumika kuchagua timu za mashindano ya taifa iliupa ushindi wa ugenini uzito wa 1.2 na ushindi wa nyumbani 0.8. Kufungwa kuligeuzwa: kipigo cha nyumbani 1.2, kipigo cha ugenini 0.8. Yaani watu ambao kazi yao ni kupima timu bila mapenzi wala hasira waliandika katika kanuni zao kwamba kipigo cha ugenini kinakuambia machache kuhusu timu kuliko kipigo cha nyumbani. Shabiki anayeona aibu kubwa katika vipigo viwili vya safari, huku akisamehe sare ya kizembe nyumbani, ameishika mizani kinyume.

Mfano ambao ningependa kila mwenye hukumu ya haraka aujue ni wa Machi 2018.

Minnesota, chuo chenye mataji matano ya taifa, kilisafiri hadi Penn State kwa mechi za mtoano wa ligi ya Big Ten. Kilifungwa mara ya kwanza, kikafungwa tena usiku uliofuata, na ligi yake ikaishia hapo. Hakuna wikiendi ya ugenini mbaya kuliko hiyo. Wakarudi nyumbani kukaa na kupiga hesabu. Wiki mbili baadaye Minnesota Duluth, chuo cha kaskazini mwa jimbo hilohilo, kilikwenda Saint Paul kwa wikiendi ya mwisho ya ligi yake ya NCHC, nacho kikafungwa mechi zote mbili, na Denver kisha na North Dakota. Timu mbili za jimbo moja, kila moja na wikiendi yake chungu, zikiwania nafasi moja iliyobaki. Hesabu ilipokamilika, Duluth iliipita Minnesota kwa tofauti iliyoonekana kwenye tarakimu ya nne baada ya nukta.

Hebu msomaji akae na tarakimu hiyo kidogo. Ni ndogo kiasi kwamba matokeo ya mechi moja kati ya timu nyingine kabisa, Novemba au Januari, yangeweza kuigeuza. Hakuna mchezaji wa Minnesota aliyeishi maisha mabaya kuliko wa Duluth kwa kiasi cha tarakimu ya nne. Hakuna aliyekuwa na moyo pungufu kwa kiasi hicho. Lakini hukumu zilizofuata zilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Minnesota ilibaki nyumbani, na siku chache baadaye Don Lucia, aliyeifundisha kwa misimu 19 na kuipa mataji ya 2002 na 2003, aliachia ngazi. Waliokuwa wakimtaka aondoke waliona wamepewa haki. Duluth wakaenda Sioux Falls, wakaifunga Minnesota State 3-2 katika muda wa nyongeza, wakaifunga Air Force 2-1, wakarudi Saint Paul katika jengo lilelile walimofungwa mara mbili, wakaifunga Ohio State 2-1 na Notre Dame 2-1. Mechi nne, kila moja kwa tofauti ya bao moja. Wakawa mabingwa wa taifa, na mwaka uliofuata wakalitetea taji.

Kama ile wikiendi ya vipigo viwili ilifichua tabia ya Duluth, tabia hiyo ilikwenda wapi siku 21 baadaye? Wenye hoja ya tabia hawana jibu. Watasema vijana walijirekebisha, walipata hasira, waliamka. Lakini ukishakubali kwamba tabia ya timu inaweza kuamka ndani ya siku 21, umekubali kwamba hukumu uliyoitoa Jumapili asubuhi haikuwa ya tabia. Ilikuwa ya mechi mbili.

Yale walipitia jambo hilohilo miaka mitano kabla, kwa namna kali zaidi. Machi 2013 walikwenda Atlantic City kwa wikiendi ya mwisho ya ligi yao, ECAC. Union wakawafunga 5-0. Kesho yake Quinnipiac wakawafunga 3-0. Dakika 120 bila bao hata moja, mbele ya kila mtu, katika wiki ambayo kamati ilikuwa ikitazama. Waliingia mashindano ya taifa kwa neema ya wengine, kwa sababu Notre Dame iliifunga Michigan katika fainali ya ligi yao na kuikatia Michigan mfululizo wa kushiriki wa miaka 22. Wakati huo ungemkuta shabiki yeyote wa Yale na kumwambia timu yake itatwaa taji, angekuona humheshimu. Yale waliitoa Minnesota kwa bao la sekunde ya tisa ya muda wa nyongeza, wakaitoa North Dakota 4-1, wakaitoa UMass Lowell 3-2, tena katika muda wa nyongeza. Fainali, pale Pittsburgh, walikutana na Quinnipiac, timu iliyokuwa imewafunga mara tatu msimu ule. Yale 4, Quinnipiac 0. Kipa Jeff Malcolm hakuruhusu kitu.

Najua jibu litakalokuja: nimechagua mabingwa wawili na kuziacha timu nyingi zilizofungwa ugenini na hazikufika popote. Ni kweli zipo, na ndizo nyingi. Lakini mimi sidai kwamba kufungwa ugenini ni dalili ya ubingwa. Nadai kwamba vipigo viwili havikutofautishii bingwa na timu ya kawaida, na kwa dai hilo mabingwa wawili waliotoka moja kwa moja katika wikiendi ya vipigo viwili wanatosha. Mwenye mzigo wa kuthibitisha ni yule anayesema ameiona roho ya timu ndani ya saa 48. Katika historia yote ya mashindano haya, bingwa aliyemaliza msimu bila kufungwa wala kutoka sare ni mmoja tu, Cornell ya 1969-70, iliyoshinda mechi zote 29. Hata Maine ya 1992-93, yenye Paul Kariya na ushindi wa mechi 42, ilifungwa mara moja. Kila bingwa mwingine alikuwa na siku ambazo mashabiki wake wangezifuta wangeweza.

Sababu yake imo ndani ya mchezo. Hoki ina mabao machache, na mengi huzaliwa katika msongamano mbele ya goli: shuti la beki kutoka mbali, gongo la mtu linaligusa, goti la mwingine linaligeuza, kipa amezibwa macho. Timu inaweza kumiliki mchezo dakika 40, ikapiga mashuti maradufu, ikafungwa 3-1 kwa sababu kipa wa wenyeji alikuwa na usiku wake. Tena katika hoki ya chuo hukutani na kipa mpya Jumamosi. Mara nyingi ni yuleyule wa Ijumaa, akiwa na imani zaidi. Kwa hiyo vipigo viwili vya wikiendi moja si mashahidi wawili wanaotoka pande mbili. Wapinzani ni walewale, barafu ni ileile, kipa ni yuleyule na majeruhi ni walewale, nawe unawahesabu mara mbili.

Sasa ile sehemu ya kweli. Machi haichezwi nyumbani, na alama hazina huruma. Minnesota ya 2018 ingepata matokeo tofauti kidogo Penn State ingecheza mashindano ya taifa. Nakubali bila kinyongo. Shabiki ana haki ya kuhuzunikia alama zilizopotea na kusema wazi kwamba njia imekuwa nyembamba. Ila hilo ni suala la msimamo wa ligi, na linasemwa kwa lugha ya msimamo wa ligi. Halitupi ruhusa ya kuhamia kwenye moyo na utu wa watu.

Hata hiyo Machi isiyo ya nyumbani kwa mtu yeyote inahitaji kuangaliwa vizuri. Mwaka 2025 Maine walimaliza wakiwa miongoni mwa timu nne zilizopangwa juu kabisa nchini. Wakapelekwa Allentown, katika jimbo la Pennsylvania, kucheza na Penn State. Mshindi wa ligi yake, aliyepangwa juu, alicheza mechi yake ya kwanza katika jimbo la mpinzani aliyepangwa chini, akafungwa 5-1. Shabiki wa Maine aliyesema usiku ule kwamba timu yake haiwezi mechi kubwa alisahau kwamba wiki moja nyuma, Boston, timu hiyohiyo ilikuwa imeifunga Connecticut 5-2 katika fainali ya ligi yao, Hockey East, na kutwaa taji hilo kwa mara ya kwanza tangu 2004. Mechi zote mbili zilikuwa kubwa, na zote mbili zilichezwa mbali na Orono, nyumbani kwa Maine.

Maine hiyohiyo inajibu na lile dai la kocha. Ben Barr aliichukua timu mwaka 2021, baada ya kifo cha ghafla cha Red Gendron. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 7, akafungwa 22, akatoka sare 4. Kwa kipimo cha Jumapili asubuhi, kocha huyo alistahili kufukuzwa mara kadhaa kabla ya Krismasi, maana wikiendi mbaya za ugenini zilimwandama mwaka mzima. Msimu wa pili alikaribia nusu kwa nusu. Wa tatu alishinda 23 na kuirudisha Maine katika mashindano ya taifa. Wa nne alileta kombe. Kocha wa chuo hanunui wachezaji dirisha linapofunguliwa Januari. Anamfuata kijana akiwa na miaka 16 au 17, anamsubiri amalize hoki ya vijana, anampokea, kisha anakaa naye kwa miaka inayoweza kufika minne. Kazi ya namna hiyo haipimwi kwa Ijumaa na Jumamosi. Kuna makocha wanaostahili kuondoka, na misimu mitatu mfululizo ya kurudi nyuma ni sababu tosha. Safari moja si sababu.

Limebaki jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Wanaotukanwa ni wanafunzi. Jumatatu wana darasa, wana mtihani wa kemia au insha ya historia, na wanaketi karibu na watu waliowaandika vibaya siku moja kabla. Zipo timu ambazo kutoka Burlington hadi Orono na kurudi hukaa barabarani siku nzima kwa jumla, wakisoma kwa taa ya kichwani ndani ya basi. Wapo wanaojibu kwamba mambo yamebadilika, kwamba tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kugawana mapato na wanamichezo wao, na anayelipwa avumilie. Lakini sehemu kubwa ya fedha hizo inaelekezwa kwenye kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu, na mchezaji wa safu ya nne wa chuo kidogo cha New York haishi kama nyota wa kulipwa. Hata angelipwa vizuri, malipo yanampa shabiki haki ya kudai uchezaji bora. Hayampi haki ya kumwita mtu mwoga kwa ushahidi asio nao.

Na sisi tuliokulia kwenye soka la Afrika tunapaswa kuwa wa mwisho kuingia mkumbo huu, kwa maana tulishafundishwa. Msimu wa 2018-19 Simba walikwenda Kinshasa wakafungwa na AS Vita 5-0. Wakaenda Misri wakafungwa na Al Ahly 5-0. Wakaenda Algeria wakafungwa na JS Saoura 2-0. Mabao 12 ugenini bila kujibu hata moja. Nani hakumbuki yaliyosemwa mitaani baada ya ile tano ya pili? Kumbe Dar es Salaam walikuwa wakifanya kazi nyingine: Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 kwa bao la Kagere, na AS Vita 2-1 kwa bao la Chama dakika za mwisho. Pointi tisa, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Waliozika timu ile Februari walikuwa uwanjani Machi wakishangilia kama hawakuwahi kushika jembe la kaburi. Watu hao hao, au watoto wao, leo wako Minnesota na Maine wakirudia.

Simwombi shabiki anyamaze, na sitaki uwanja wa watu wanaopiga makofi kwa kila kitu. Ninachotaka ni ukali unaojua unachokisema. Timu ikipewa adhabu saba katika mechi moja na kucheza karibu robo ya usiku ikiwa pungufu ya mtu, sema hivyo. Nidhamu haitegemei uwanja. Kocha akimwacha kipa aliyechoka langoni usiku wa pili wakati ana mwingine mzima benchini, mhoji. Kama timu imesafiri mara tano tangu Oktoba na kila mara inaporomoka katika kipindi cha tatu, hapo una mwenendo, na mwenendo unastahili maswali magumu. Kwanza itazame mechi yenyewe, si matokeo yake tu: nani alikuwa akipiga kutoka mbele ya goli na nani kutoka pembeni, ni nani alimpelekea nani, mabao yaliingia timu zikiwa na watu sawa au la. Ukishafanya hivyo, mara nyingi utaona kwamba hasira yako ya Jumamosi usiku haina pa kukaa, au ina pa kukaa padogo tu panapostahili.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wangu walio kwenye majukwaa hayo, na zaidi wazazi wenye watoto katika vyuo hivyo: timu yenu ikirudi na vipigo viwili, msitoe hukumu wiki hiyo. Subirini wapinzani walewale waje kwenu, kocha wenu akiwa na haki ya kupeleka watu wake mwisho. Na Ijumaa ya kwanza nyumbani baada ya safari hiyo, nendeni uwanjani mapema, mjaze viti.